UZI: Keki na deseri za moto wa kuni kwa mwenye mzigo mwepesi (Lubumbashi na mapori yake)

#1 Mutondo

Jambo bandugu. Mvua zimekatika, njia za uwanda wa Kundelungu na za kando ya mto Lufira zinapitika, na watu wanauliza kama msafiri anayebeba kila kitu mgongoni anaweza kula keki jioni bila sufuria la chuma zito. Anaweza. Karibu kila keki inayoharibika porini huwa nyeusi chini na mbichi juu, maana moto wote uko chini na chombo ni chembamba. Dawa ni mbili: ama unaweka maji kati ya moto na keki, ama unapandisha moto juu ya mfuniko. Mengine yote ni nakshi.

Naanza na mvuke, kwa sababu ndio unaofaa vyombo vyepesi. Unahitaji sufuria la alumini la lita 1.2 hadi 1.5 lenye mfuniko unaokaa sawasawa, na ndani yake kikombe kipana au kopo la kipenyo cha sentimita 9 au 10. Kopo lisiguse kitako cha sufuria. Liweke juu ya kokoto tatu zinazolingana, mwaga maji mililita 300 hivi, yafike chini ya nusu ya kimo cha kopo. Mfuniko uufunge kwa kitambaa safi cha pamba, ncha zikifungiwa juu ya kishikio zisiguse moto. Kitambaa hicho kinakunywa matone yanayotoka kwenye mfuniko. Bila hicho, juu ya keki panakuwa uji.

Kipimo cha watu wawili, keki ya ndizi: unga wa ngano gramu 100, sukari gramu 40, maziwa ya unga gramu 15, levire kemiki, yaani baking powder, gramu 4 (kijiko cha chai kilichosawazishwa), chumvi kidogo. Hivyo vyote changanya nyumbani, tia kwenye mfuko mmoja, andika juu yake "maji 50, mafuta 15". Porini unaponda ndizi moja iliyoiva hadi ganda lina madoa meusi, unatia mililita 50 za maji na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, unamwaga unga na kukoroga mpaka hakuna unga mkavu, basi. Paka kopo mafuta, lijaze nusu tu. Maji yawe yanachemka kabla hujaingiza kopo. Dakika 30, na usifunue kabla ya 20.

Jambo dogo lenye faida kubwa: tupa kokoto moja ndogo ya ziada ndani ya maji. Maji yakichemka itagonga-gonga chini. Ukisikia kimya, ama moto umeshuka ama maji yameisha, na yote mawili unapaswa kuyajua bila kufunua.

Njia ya ukavu, ile ya moto juu na chini, nitaiandika chini zaidi.

#2 Kipushi_Njia

Aksanti yaya. Maswali mawili. Nina kikombe cha titani cha mililita 750, kinaweza kuokea? Na ile ya kumwaga unga ndani ya mfuko wa plastiki na kuuchemsha, ni salama?

#3 Fundi_Alumini

Mdogo wangu, tuanze na plastiki. Mifuko ya kawaida, hasa ile laini ya sokoni, hulainika karibu na joto la maji yanayochemka. Maji yenyewe hayaiyeyushi haraka. Inayeyushwa na ukuta wa sufuria pale juu ya maji, ambapo chuma ni kikavu na joto limepita mia. Mfuko ukigusa hapo unatoboka, na keki inakuwa supu yenye plastiki. Kuna mifuko maalumu ya kuokea nyama ndani ya tanuri inayovumilia mpaka nyuzi 200, hiyo inafaa, lakini si rahisi kuipata huku.

Badala yake tumia jani la mgomba, vilevile kama kwanga, mkate wa muhogo. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 40, toa uti wake, lipitishe juu ya mwali mpaka ling'ae na kulegea. Jani lisilopitishwa motoni linapasuka unapokunja. Weka mawili yakikatana, mwaga unga uliokorogwa mzito kidogo, gramu 200, acha nafasi theluthi moja ya kuumuka, kunja, funga kwa kamba ya mgomba. Weka juu ya kokoto ndani ya mvuke dakika 35. Uzito wa ziada mgongoni ni wa jani tu.

Sasa titani. Alumini hupitisha joto karibu mara kumi kuliko titani. Maana yake, kwenye titani pale mwali unapogusa panachoma na sentimita 3 pembeni bado panapoa. Kwa kuchemsha chai hakuna neno. Kwa kuoka kavu ni balaa, isipokuwa uweke safu ya mchanga chini yake. Kwa mvuke ni nzuri kabisa, kwa sababu maji ndiyo yanayosambaza joto. Kikombe chako kiwe kopo la ndani, sufuria la alumini liwe la nje.

Na hili nalisema kwa kila mtu: usimwambie fundi akukatie chombo cha kuokea kutoka bati la paa. Bati lile limepakwa zinki. Zinki huyeyuka nyuzi 419, na ikipashwa sana hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana. Juu ya hapo, unga wenye limau au matunda makali huila zinki hata bila moto mkali. Alumini tupu, chuma kisichoshika kutu, au kopo safi la maziwa ya unga. Kopo la rangi hapana, hata likioshwa. Sufuria lenye mpako mweusi wa kuzuia kunata nalo lisipate moto kavu: mpako huo huharibika ukipita nyuzi 260, na makala (makaa ya moto) yanafika huko bila kujitahidi.

#4 Mama_Levire

Mutondo, kipimo chako ni cha mjini. Lubumbashi tuko mita 1,200 na kidogo, uwanda wa Kundelungu unapanda hadi karibu 1,700. Huko juu hewa haikandamizi sana, kwa hiyo viputo vya levire vinavimba zaidi kabla unga haujashikana. Keki inapanda haraka, inajisifu, halafu inabonyea katikati. Kule tumia levire gramu 3 badala ya 4, sukari 35 badala ya 40, na ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maji, kwa sababu hewa ya juu hukausha.

Tena maji hayachemki nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 unapoteza karibu nyuzi moja. Mjini ni 96, uwandani ni 94 na ushee. Keki ya mvuke bado inaiva, unga na yai vinashikana chini ya hapo, ila ongeza dakika 5. Na mwezi wa sita na wa saba, usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, usianze na maji ya baridi ya mtoni kwenye unga. Yapashe moto kidogo yawe vuguvugu.

Kuhusu levire yenyewe: sasheti ya gramu 11 hutosha unga gramu 500 kwenye tanuri la nyumbani. Keki nzito ya ndizi inataka zaidi, ndiyo maana Mutondo ameweka 4 kwa 100. Ijaribuni kabla ya safari. Nusu kijiko cha chai kwenye maji ya moto itoe povu mara moja. Isipotoa, imelala kwenye unyevu wa duka miezi mingi, na hakuna moto utakaoiamsha. Ukikosa levire kabisa, magadi ya kuokea robo kijiko cha chai na juisi ya limau kijiko kikubwa kimoja kwa unga gramu 100. Hapo hakuna kungoja: ukishachanganya, kopo liingie motoni wakati huohuo, maana povu la magadi na limau linaisha ndani ya dakika chache.

Na acheni kukoroga. Mikorogo 15 inatosha. Unga wa ngano ukikorogwa sana unavutika, na keki inatafunwa kama mpira.

#5 Dembo

Naongeza upande wa moto. Makala ndiyo unayotaka, si mwali. Mwali unapanda na kushuka kila upepo unapogeuka, na unapaka masizi. Washa moto dakika 40 hadi 50 kabla ya kuoka, pika bukari (ugali) na mboga juu ya mwali, halafu keki iingie wakati kuni zimekuwa makala mekundu yenye ngozi ya majivu. Ratiba inajipanga yenyewe.

Kuni za miombo zinafaa sana: mutondo, muputu, musamba. Makala yake ni mazito na hukaa. Chukua zilizoanguka na kukauka, unene wa dole gumba hadi kifundo cha mkono, zikivunjwa zitoe mlio. Ukiona utomvu mweupe kama maziwa kwenye mti, achana nao. Jamii ya euphorbia moshi wake unawasha macho na koo, na kijiti chake kisichomekwe kwenye keki kupima kama imeiva. Mkaratusi unawaka vizuri lakini mafuta yake yananuka. Ngoja uwe makala kabisa kabla ya kuweka chakula.

Wengine wanabeba makala ya mjini, gramu 400 kwenye mfuko. Sipingi. Yanawaka haraka na ukubwa wake unalingana. Ila kwa safari ya mzigo mwepesi ni gramu 400 ambazo porini zimelala chini bure.

Mahali: ondoa nyasi na majani makavu mpaka udongo mtupu, mita 2 kila upande. Usiwashe ndani ya dembo, lile bonde la nyasi lenye majimaji, hata kama panaonekana pamelowa. Udongo mweusi wa dembo umejaa mizizi na uozo wa nyasi, moto unaingia chini na kutembea bila mwali, na unatokea kesho mita kadhaa mbele. Ndani ya hifadhi, uliza walinzi kabla hujaokota hata kijiti.

#6 Mutondo

Sasa njia ya ukavu. Hii inatoa ngozi ya kahawia na ladha ambayo mvuke hauwezi kuitoa, kwa sababu mvuke haupiti mia na unga hauanzi kubadilika rangi vizuri mpaka karibu nyuzi 140.

Kwa watu wanne: sufuria la sokoni la alumini, kipenyo sentimita 18, na mfuniko wake wa bapa wenye ukingo. Ndani yake kopo au sahani ya kina ya sentimita 14. Pande zote ibaki hewa sentimita 1 na nusu au 2. Chini mwaga mchanga mkavu, unene sentimita 1. Mama zetu wanaooka keki kwenye mbabula (jiko la makala) wanaujua mchanga huu tangu zamani. Unapokea joto la makala lenye vidoa na kulitoa likiwa limetulia. Uzuri wake ni kwamba haubebwi, unauokota kambini na kuuacha hapohapo. Kama ni wa mtoni, ukaange kwanza kwenye sufuria tupu mpaka uache kutoa mvuke. Juu ya mchanga weka nati tatu za chuma za kuinua kopo.

Sufuria lisikae juu ya makala. Likae juu ya mawe matatu, nafasi ya sentimita 3 au 4 kutoka kwenye makala. Mawe hayo yawe ya nchi kavu. Jiwe la mtoni lina maji ndani ya nyufa, na likipashwa linaweza kupasuka kwa nguvu. Ndani ya maji yanayochemka halina shida, ndani ya moto lina shida.

Idadi ya makala yenye ukubwa wa yai la kuku: 5 chini, yamepangwa duara chini ya ukingo, katikati pawe wazi, 10 juu ya mfuniko, mengi pembeni kuliko katikati. Mara mbili juu kuliko chini. Watu wanakataa hesabu hii mpaka waone kitako cheusi. Joto la chini linapanda lenyewe, la juu linapaswa kulazimishwa kushuka.

Pasha sufuria na mchanga dakika 10 kwanza. Kupima: fungua kidogo, shika kiganja sentimita 10 juu ya mdomo wa sufuria. Ukivumilia sekunde 5 au 6 uko kwenye joto la keki. Sekunde 2 ni kali mno. Asiyeamini mkono wake anyunyize unga kidogo kwenye kipande cha bati safi la kopo ndani: ukiwa kahawia ndani ya dakika 4 au 5 ni sawa, ukiwa mweusi ndani ya moja toa makala mawili chini.

Ingiza keki. Kila dakika 8 zungusha sufuria robo kwenda kulia na mfuniko robo kwenda kushoto, ili kila doa la moto lihame. Makala ya kuni hupoteza nguvu baada ya dakika 20, kwa hiyo uwe na akiba inayowaka pembeni. Keki ya unene wa sentimita 3 au 4 inachukua dakika 25 hadi 30. Kabla ya kufunua, fagia majivu kwa kishada cha nyasi mbichi na inua mfuniko wima, usiuinamishe. Majivu yote ya kwenye keki huingia sekunde ile.

#7 Kipushi_Njia

Mfuniko wangu wa kambi umebinuka na una kishikio cha plastiki. Makala yatateleza. Na alumini nyembamba haiyeyuki?

#8 Fundi_Alumini

Inayeyuka. Alumini huyeyuka nyuzi 660, na makala yanayopulizwa na upepo yanapita hapo. Sufuria lenye maji au chakula linapozwa na kilicho ndani. Hatari iko kwenye sufuria tupu, na kwenye mfuniko uliorundikwa makala upepo ukivuma. Kabla ya kuyeyuka alumini hulegea na kupinda, na mfuniko uliopinda haufungi tena. Kwa hiyo kinga upepo kwa jiwe au gogo, na usipulize makala ya juu hata mara moja.

Kwa mfuniko wako: fungua kishikio cha plastiki, weka skrubu na nati tupu mahali pake. Halafu pinda waya wa chuma usio na zinki, unene wa milimita 2, utengeneze pete ya kipenyo kidogo kuliko mfuniko, iwe na miguu mitatu mifupi inayokamata ukingo. Pete inazuia makala. Uzito hauzidi gramu 30. Kama huna pete, washa juu ya mfuniko moto mdogo wa vijiti vyenye unene wa penseli, uulishe kidogo kidogo. Inahitaji mtu wa kukaa pale dakika zote 25, lakini inatoa rangi nzuri kuliko makala.

Kuna pia tanuri la kununua, Omnia ya Sweden, la alumini na kitako cha chuma, umbo la pete yenye tundu katikati, joto linapita kwenye tundu na kugeukia juu chini ya mfuniko. Lina karibu nusu kilo na limefanyiwa jiko, si makala. Wazo lake ndilo la kuiba: fundi wa kusubu sufuria anaweza kukutolea chombo cha pete kutoka kwenye kielelezo cha udongo. Ila vya kusubu ni vizito, pima kwanza kabla ya kufurahi.

#9 Yaya_Sukari

Ngano peke yake inachosha. Hapa kuna mbili zenye maana zaidi porini.

Keki ya mahindi. Unga uleule wa bukari gramu 70, ngano 70, sukari 40, maziwa ya unga 20, levire 5 (4 ukiwa juu uwandani), chumvi robo kijiko. Hila ni moja: unga wa mahindi ulowekwe peke yake na maziwa na maji ya moto mililita 130 kwa dakika 15, ndipo utie mafuta vijiko vikubwa viwili, kisha ngano iliyochanganywa na levire. Asiyeloweka atapata keki yenye mchanga mdomoni na atasingizia mchanga wa Mutondo. Njia ya ukavu, dakika 25. Kwa mvuke inaiva lakini inalala, haina furaha.

Krimu karameli. Hii ndiyo deseri bora ya kambi na watu wanaiogopa bure. Kwa vikombe viwili vidogo: yai 1, maziwa ya unga gramu 20 kwenye maji mililita 120, sukari gramu 25, vanila ukitaka. Kwanza karameli: sukari vijiko vikubwa viwili na maji kijiko kimoja, kwenye kikombe cha chuma juu ya makala, usikoroge, tikisa tu kwa mzunguko. Ikiwa rangi ya chai ya rangi itoe motoni, itaendelea kuiva yenyewe. Gawa chini ya vikombe. Piga yai na sukari bila kutoa povu, tia maziwa vuguvugu, chuja kama una kitambaa, mimina, funika kila kikombe kwa jani la mgomba.

Mvuke wake uwe mpole. Yai na maziwa hushikana kati ya nyuzi 80 na 85, kwa hiyo uwanda wa Kundelungu wenye maji ya 94 ni rafiki wa krimu kuliko mji wa pwani. Maji yakirukaruka, krimu inajaa matundu na kutoa maji ya njano. Mfuniko uwe wazi upana wa kijiti. Dakika 15 hadi 20. Ukitikisa kikombe, katikati patetemeke kidogo na pembeni pawe pamesimama. Kisha kalisha vikombe kwenye maji ya baridi nusu saa kabla ya kupindua.

Mayai yabebwe ndani ya kopo la unga, yamezikwa. Unga unayashika yasigongane, na kopo ndilo utakalookea. Likifika tupu, kazi yake ya pili inaanza.

#10 Kipushi_Njia

Na masuku je, yale matunda ya miombo? Porini yako bure.

#11 Yaya_Sukari

Masuku yanaiva mvua zinapoanza, kwa hiyo safari za mwezi wa saba hazikutani nayo. Ukiwa njiani wakati wake: nyama yake ni kidogo na mbegu ni nyingi. Menya, loweka rojo kwenye maji kidogo, sugua kwa mkono mpaka mbegu ziachane, chuja. Rojo la masuku mililita 60 linachukua nafasi ya ndizi kwenye kipimo cha Mutondo, na sukari inashuka hadi gramu 25 kwa sababu tunda ni tamu lenyewe.

Kiangazi beba maembe makavu. Gramu 60 zilowekwe tangu mchana kwenye chupa yenye mililita 150 za maji, jioni ziko tayari. Ziweke chini ya kopo pamoja na maji yake kidogo na kijiko cha sukari, mwaga juu yake unga wa keki mzito, oka kavu. Chini panakuwa mchuzi mzito, juu mkate. Makala ya chini yapunguzwe hadi 4, maana sukari ya matunda inaungua mapema.

#12 Dembo

Kwa asiyetaka sufuria kabisa: ndizi na ganda lake, ipasuliwe upande mmoja kwa urefu, ijazwe karanga zilizotwangwa na sukari au kipande cha chokoleti, ifungwe kwa jani bichi mara mbili, izikwe kwenye majivu ya moto, si kwenye makala yenyewe, dakika 10. Chokoleti kuanzia mwezi wa tisa inayeyuka ndani ya begi, beba unga wa kakao na sukari badala yake. Karatasi ya alumini inafanya kazi hiyo pia, ila haiungui ikaisha kama wengi wanavyodhani. Inabaki vipande vipande kwenye majivu, kwa hiyo inarudi mfukoni.

Mikate ya kukaanga kwenye mafuta muiache nyumbani. Mafuta ya moto, sufuria jepesi juu ya mawe matatu, na giza: hakuna haja.

#13 Mama_Levire

Naona maswali yanakuja kwa ujumbe wa pembeni, nijibu hapa wote waone.

Keki imepanda ikabonyea: levire nyingi kwa mwinuko huo, au mfuniko ulifunuliwa kabla haijashikana. Imepasuka juu na kufanya kilima: moto wa juu ulikuwa mkali mwanzoni, ngozi ikakauka kabla ndani hapajamaliza kupanda, anza na makala 7 juu, ongeza 3 baada ya dakika 10. Ndani ni mbichi ingawa nje ni sawa: kopo limejazwa mno. Unene ukizidi sentimita 4 muda wa kuiva unarefuka sana, afadhali uoke mara mbili. Keki ya mvuke imelowa pembeni: maji yalirukia ndani, yapunguze, au kopo lifunikwe kwa jani lenye mkunjo unaoacha nafasi ya kuumuka. Inanata kwenye kopo: mafuta peke yake hayatoshi kwenye alumini, paka mafuta, nyunyiza unga, kung'uta unaobaki, na baada ya kuiva ngoja dakika 5 kabla ya kupindua. Ina ladha ya moshi: kuni zilikuwa bado zinatoa moshi chini ya mfuniko usiofunga.

Kijiti cha kupimia kichomekwe katikati kabisa. Kikitoka na makombo ni sawa, kikitoka na uji rudisha dakika 5. Ukingo wa keki ukianza kuachana na kopo, ndani iko karibu.

#14 Fundi_Alumini

Mizani, kwa wanaohesabu gramu. Sufuria jepesi la lita 1.3 ni kati ya gramu 150 na 200, nalo ungelibeba hata bila keki. Kikombe kiko ndani ya begi tayari. Kwa hiyo vifaa vya kuoka vya ziada ni kitambaa, nati tatu na pete ya waya, chini ya gramu 80 vyote. Viungo vikavu vya keki ya watu wawili ni karibu gramu 160. Sufuria la sentimita 18 la njia ya ukavu lina maana tu kama mko wanne na mnapikia humo bukari pia.

Masizi: kabla ya kuweka sufuria motoni, paka nje sabuni ya kipande iliyolowa kidogo, safu nyembamba. Masizi yatatoka kwa maji na nyasi. Ukisahau, usisugue kwa mchanga alumini nyembamba, unaila. Funga kwenye mfuko wake na uoshe nyumbani.

#15 Dembo

Kuzima: mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti mpaka chini, mwaga tena, kisha weka mgongo wa mkono juu. Kukiwa na joto bado hujazima. Kufukia kwa udongo tu hakuzimi, makala chini ya udongo yanaweza kukaa mpaka kesho. Na yale makala ya juu ya mfuniko watu huyasahau, wanayamwaga kwenye nyasi wakikimbilia keki. Yarudi shimoni kwanza.

#16 Kipushi_Njia

La mwisho kwangu. Nina asali ya miombo, sina sukari ya kutosha. Inabadilishwa vipi?

#17 Mama_Levire

Asali gramu 30 mahali pa sukari gramu 40, na toa kijiko cha chai kimoja cha maji, kwa kuwa asali ina maji yake. Inawahi kuwa nyeusi, kwa hiyo njia ya ukavu anza na makala 7 juu na usiongeze. Asali ina ukali kidogo, ukitia magadi chembe, kiasi cha ncha ya kisu, keki inapanda vizuri zaidi. Kwenye mvuke hakuna cha kubadilisha isipokuwa maji. Usiitie kwenye unga mkavu nyumbani, itafanya madonge. Ibebe kwenye kichupa chake na uikoroge na ndizi.

#18 Kipushi_Njia

Nimepata. Aksanti mama.